Hatua Juu ya Mbao Zisizokuwepo

Kwo.

Sauti moja tu, ya buti la mpira likikanyaga ubao. Kisha kimya.

Odette Jadin alikuwa amesimama kando ya barabara ya changarawe, taa za gari zimezimwa, saa yake ya mkononi ameifunika kwa kiganja. Ilikuwa dakika ya tatu kati ya tano. Kazi ya kuhesabu vyura ina sheria chache: fika kituoni giza likishaingia, zima gari, zima taa, funga mdomo, sikiliza dakika tano kamili, ndipo uandike. Sifuri kama hakuna kitu. Moja kama unaweza kuwahesabu mmoja mmoja. Mbili kama sauti zinapandana. Tatu kama kinamasi kizima kinaimba na huwezi tena kumtenga chura na chura.

Usiku ule ulikuwa wa alama ya tatu. Wale wadogo walipiga mluzi, wale wengine walikwaruza kama kidole gumba kinapopita juu ya meno ya kitana, maelfu na maelfu, mpaka hewa yenyewe ikatetemeka. Halafu ubao ukalia, kwo, na wote wakanyamaza kwa pamoja, kana kwamba mtu amefunga mlango.

Hakukuwa na ubao. Hilo Odette, mpima ardhi oevu wa wilaya, alilijua kuliko mtu yeyote. Njia ya mbao ya kuwapeleka watu ndani ya Kinamasi cha Mierezi ilikuwa bado kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mezani kwake ofisini, ikisubiri saini yake Ijumaa saa nne asubuhi.

"Wamenyamaza," alinong'ona Norbert.

Norbert Delveaux alikuwa na miaka sabini na tisa, mtengeneza jibini mstaafu, rafiki wa marehemu baba yake Odette. Kila masika walihesabu vyura pamoja, yeye na Odette.

"Bado dakika mbili," Odette alijibu kwa pumzi.

"Dakika mbili za nini, mwanangu? Sikio langu la kulia ni pambo tu, na hata hilo pambo limesikia."

"Umesikia nini?"

Mzee alikuwa amegeuka. Alikuwa akitazama upande wa mierezi, ile miti myeusi iliyosimama katikati ya maji robo maili kutoka ukingoni.

"Andika sifuri twende," alisema hatimaye. "Nimeiacha pai yangu ya plamu mezani na paka, na paka mwenyewe unamjua."

Ulikuwa mzaha. Lakini funguo za pikapu zilimponyoka mara mbili kabla hazijapata tundu lake.

Asubuhi bendera zilikuwa zimehama.

Zilikuwa bendera thelathini na moja, ndogo, za waridi, kila moja juu ya waya wake. Vuli iliyopita Odette na msaidizi wake walizichomeka kuzunguka kinamasi chote, kuonyesha ardhi inapokoma kuwa ardhi. Ndani ya bendera, ulinzi wa sheria. Nje ya bendera, watu. Sasa ukingo ulikuwa mtupu. Bendera zote zilikuwa zimeng'olewa na kuchomekwa upya, mbili mbili, sambamba, kuanzia ukingoni moja kwa moja hadi kwenye mierezi, kama taa za uwanja wa ndege.

"Kuna watu hawana kazi za kufanya, bosi," alisema Brenna.

Brenna Tielens, msaidizi, alikuwa na miaka ishirini na sita na buti zilizofika magotini. Alikuwa mmoja wa wale watu wanaoipenda kazi mpaka wanakuudhi.

"Walevi," Odette alisema.

"Walevi gani wanaochomeka kwenye mstari ulionyooka hivi? Mimi nikiwa mzima siwezi." Brenna aliinama, akafumba jicho moja. "Hebu ona. Wamefuata mgongo wa ardhi. Huu ndio mstari mfupi tulioufuta."

Odette alikuwa ameshaona. Alikuwa ameuona kabla hajazima injini ya gari.

Miaka arobaini na moja nyuma, baba yake alikuwa ametandaza mbao pale, ubao kwa ubao, kufuata ule mgongo mwembamba wa udongo mgumu, ili afike kwenye mitego yake ya panya-maji. Majira ya joto yaliyofuata alizing'oa mwenyewe, akazichoma nyuma ya ghala, akasimama akitazama moshi mpaka giza likaingia. Baada ya hapo hakutega tena.

Kwenye ramani ya wilaya kulikuwa na mistari miwili. Mstari mfupi ulipita juu ya ule mgongo: robo maili, ardhi ngumu, hakuna kiota hata kimoja. Mstari mrefu ulizunguka kaskazini, maili moja na robo, ukakata katikati ya matete ambamo korongo hutaga. Mtu yeyote mwenye akili angechagua ule mfupi. Lakini ule mfupi ulikuwa umefutwa kwa sababu ya shimo namba kumi na saba.

Kazi yao ilikuwa hiyo: unachimba shimo la mkono mmoja, unatoa donge la udongo, unalilinganisha na vipande vya rangi vilivyo kwenye kitabu, unaandika. Mashimo mengine yote ya mstari mfupi walichimba wawili. La kumi na saba Odette alilichimba peke yake, jioni, Brenna akiwa ameenda kuleta maji. Donge lilitoka la kahawia, rangi ya kahawa yenye maziwa, kavu, gumu, zuri. Odette alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaandika: jeusi, matope, maji kwenye kina cha kiganja. Na ili ule mstari mrefu upite, akaandika kwamba kaskazini, ambako Brenna hakuwahi kuchimba, ni kugumu.

Huo ndio uongo uliokuwa unasubiri saini. Akiweka saini, nguzo zitapigwa katikati ya viota na hakuna mguu wa mtu utakaokanyaga tena njia ya baba yake. Asipoweka, itabidi aseme kwa nini.

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumanne katika ukumbi wa zimamoto. Nje, wazimamoto walikuwa wanakoroga kwa kasia sufuria la buya, ule mchuzi mzito wa upande ule, na harufu ya kuku na mkia wa ng'ombe ilipita chini ya mlango na kuwafanya watu waseme kwa haraka.

"Siku hizi korongo wana ofisi?" aliuliza mwindaji mmoja wa bata. "Maana wanasikilizwa kuliko sisi."

"Wana ofisi, na wanafika kazini mapema kuliko wewe," mtu wa nyuma alimjibu. Ukumbi ukacheka.

Colette Renier hakucheka. Alisimama karibu na binti yake Maude, wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Huo mstari wa kaskazini, dada Odette, una urefu gani?"

"Maili moja na robo."

"Na ule mfupi mlioufuta?"

"Robo maili. Lakini udongo..."

"Robo maili Maude anaiweza kwa mikono yake. Maili na robo, kwenda na kurudi, haiwezi." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Amezaliwa hapa. Kile kinamasi anakijua kupitia kioo cha gari. Nauliza tu. Una hakika na huo udongo?"

"Nina hakika," alisema Odette.

Aliposema hivyo, harufu ya buya ikakatika. Mahali pake palipanda harufu nyingine, ya matope yaliyofunuliwa baada ya kufunikwa miaka mingi, baridi, tamu kidogo, kama ndani ya chungu cha zamani. Aliwatazama watu wengine. Hakuna aliyekunja pua.

Walipokuwa wanakunja viti, Brenna alimjia na karatasi.

"Bosi, kile kihesabio pale kwenye lango la kinamasi kimeharibika nadhani. Kinahesabu wanaoingia na wanaotoka, si ndiyo? Tangu tukiweke, kila usiku saa tisa na dakika kumi: ametoka mmoja. Usiku saba, wametoka saba. Kuingia, sifuri."

"Rakuni. Mnyama wa usiku tu huyo."

"Rakuni asiyerudi nyumbani? Kitu kinatoka kinamasini kila usiku na hakirudi. Sasa kinakwenda wapi?"

Kutoka kwenye lango lile kulikuwa na nyumba moja tu unayoweza kuifikia kwa miguu. Odette alikuwa anaishi ndani yake.

Mama yake alikufa Januari. Tangu hapo Odette alikuwa akiweka sahani moja mezani, na jioni aliwasha redio ya hali ya hewa, si kwa ajili ya hali ya hewa bali kwa sababu yule mtu wa redio alikuwa anasema "habari za jioni". Wakati mwingine alimjibu. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, na vitano alikuwa amevifunga ili asivipashe joto.

Usiku ule hakulala. Alikaa jikoni, mikono mezani, akiitazama saa ya ukutani. Saa tisa ikapita. Dakika tano. Dakika kumi.

Harufu ilikuja kwanza. Kisha, nje, kwenye ngazi mbili za mbao za baraza ya nyuma, kwo, na baada ya kwo, krrr, kama kisigino kinachoburutwa, na Odette akafumba macho kwa sababu mwendo huo aliujua, aliujua kama mtu anavyoujua mwandiko wake mwenyewe, buti la kushoto linakanyaga na la kulia linakwaruza, kwa kuwa mabuti yale mekundu yalikuwa yake yeye Odette kabla hayajarithiwa na mguu wa mdogo wake usioyajaza, na mama alisema utakua tu, yatakutosha mwakani, na mwakani haukufika. Kwo, krrr. Mlango haukufunguka lakini hatua zilikuwa tayari ndani, zikapita nyuma ya kiti chake taratibu, zikakiacha chumba cha mama, zikaenda hadi kwenye kile kilichokuwa chumba cha wasichana wawili, mlango uliofungwa tangu enzi hizo, na hapo zikasimama, na kitanda ambacho hakikuwa na godoro kikalia kama kinavyolia mtu anapokaa ukingoni kuvua viatu.

Alingoja mpaka kukapambazuka. Sakafuni kulikuwa na alama za maji meusi: unyayo mmoja kamili, mwingine umeburutwa, unyayo mmoja kamili, mwingine umeburutwa. Alichukua kitambaa akapiga magoti. Na alipokuwa anafuta, wazo lilimjia ambalo lilimwogopesha kuliko zile alama zenyewe. Tangu Januari, huu ulikuwa usiku wa kwanza ambao nyumba ilikuwa na watu wawili, na sehemu ya moyo wake ilishukuru.

Aliziacha alama mbili za mwisho bila kuzifuta.

Ukoo wa Delveaux, kama koo nyingi za Wabelgiji waliohamia upande ule, ulikuwa na kikanisa chake kando ya barabara, cha mbao nyeupe, kidogo kiasi kwamba wakiingia watu wanne, wa tano anabaki na mgongo nje. Alhamisi alasiri Odette alimkuta Norbert humo, anabadilisha mishumaa.

"Bibi yako alikuwa anasema nini kuhusu kinamasi?"

"Alisema mengi. Alisema pia kwamba kulala na soksi kunaleta upofu."

"Norbert, sitanii."

"Najua hutanii. Ndiyo maana natania mimi." Akakaa kwenye benchi, akampisha. "Alisema kina wenyewe. Walikuwapo kabla yetu, kabla ya mtu yeyote. Majini wasio na umbo wala sauti. Wakimpata aliyepotea, wanauvaa mwendo wake, kama mtu anavyovaa koti aliloliokota njiani. Na wanaendelea kuutembea mpaka yule aliyepaswa kumwita amwite."

"Na akiitwa?"

"Wanalirudisha koti."

"Au?"

Norbert alikwaruza nta kwenye kidole chake. "Au wanakuja wamelivaa. Bibi hakuwa na hakika. Hakuna aliyekuwa na hakika."

Upande ule kulikuwa na desturi, na kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuandika. Ukungu ukishuka mtu akiwa kinamasini, aliyebaki ukingoni anaita. Anaita jina, jina tu, bila kupumzika, na aliye ndani anaifuata sauti mpaka nchi kavu. Waliita hiyo kuita ukungu. Watega panya-maji wote wa zamani walikuwa hai kwa sababu ya mke au mtoto aliyeita mpaka akakauka koo.

"Mimi niliita," alisema Odette. "Niliita mpaka sauti ikaisha. Nilimwambia mama hivyo."

"Najua ulivyomwambia."

"Akasema, kama uliita na hakuitika, basi hakuna wa kumwita tena. Akasema jina lile lisisikike tena chini ya paa lake."

"Alituapisha sote," Norbert alisema. "Mimi, baba yako, padri." Kisha sauti yake ikashuka. "Mwanangu, mchana ule mimi nilikuwa upande wa pili wa mierezi, kwenye mtumbwi. Ukungu ulishuka hata sikukiona kiganja changu. Na ukungu unabeba sauti. Nilimsikia mbwa wa Lardinois akikohoa, maili nzima. Nilisikia buti la mtoto juu ya mbao. Wewe sikukusikia."

Mshumaa ulitoa cheche.

"Miaka arobaini na moja umekaa na hilo?"

"Ulikuwa na miaka kumi na moja. Unamwambia nini mtoto wa miaka kumi na moja?"

"Na wewe mbona hukuita? Ulisikia buti, ukakaa kimya."

"Nilidhani mnacheza," alisema mzee, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. "Nilidhani mnacheza."

Walikuwa wanacheza kweli. Mchezo ulikuwa wa Odette: kunyamaza, na atakayesema kwanza ndiye mjinga. Mdogo wake hakuwahi kushinda hata mara moja, akaapa safari hii atashinda. Akatangulia kwenye mbao, mabuti mekundu, kwo, krrr. Ukungu ukaja kwa ghafla kama shuka lililotupwa. Odette akiwa ukingoni alizisikia hatua zikifika mwisho wa mbao, zikisimama, zikigeuka, zikienda upande mwingine. Alijua ni upande mbaya. Alifungua mdomo. Akafikiri: nikiita, nimeshindwa. Hebu aite yeye kwanza.

Wote wawili walinyamaza. Mmoja alishinda.

"Liseme hapa," Norbert alimwambia kwa upole. "Tuko wawili tu."

Odette alijaribu. Jina lilipanda, likafika nyuma ya meno, likakaa hapo kama kokwa ya plamu.

"Nisemee wewe."

"Si mimi niliyekuwa ukingoni."

Ijumaa aliamka na kukuta dirisha jeupe. Hakukuwa na ua, wala ghala, wala barabara. Ukungu wa Aprili ulikuwa umekaa juu ya kila kitu, na mwanga wa asubuhi uliingia ndani yake bila kutoka.

Usiku hatua hazikuja. Hilo ndilo alilolitambua kwanza, akiwa bado kitandani, na likamfanya ajisikie ameachwa. Kisha akaona ujumbe kwenye simu, wa saa kumi na mbili kasorobo.

*Bosi usikasirike. Jana nimeona kimcheri mwitu kimeota karibu na namba 17. Mcheri kwenye matope? Nimeenda kuchimba kabla hujaweka saini. Nitakuletea donati.*

Odette alikimbia na buti moja limefungwa kamba na jingine halijafungwa. Alilipita lango, akaligonga gari la Brenna kwa paja kabla ya kuliona, akafika ukingoni. Mbele yake hapakuwa na kitu. Nyeupe tupu.

"Brenna!"

"Nipo!" Sauti ilitoka mbali, nyembamba, haina upande. "Bosi! Sijafika namba kumi na saba! Huu ukungu! Nimeukwepa ule upande wako wa matope, nimeshika kaskazini kama ramani inavyosema, ndiko kugumu, sivyo?"

Odette alipaza sauti yake yote.

"Simama hapo! Usiongeze hata hatua! Ramani ni ya uongo! Kumi na saba ni ngumu, kaskazini ndiko kwenye matope! Nilidanganya, Brenna, mimi niliandika uongo!"

Jibu lilikuja kutoka mbali zaidi kuliko mwanzo:

"Sasa kama ni hivyo, mbona unanipeleka huku?"

"Mimi?"

"Si wewe unayetembea mbele yangu? Nimekuwa nakufuata. Nasikia buti lako."

Na Odette akasikia. Kwo. Krrr. Kwo. Krrr. Juu ya ubao, mahali pasipo na ubao, zikienda taratibu, bila wasiwasi, zikienda upande ule ule mbaya ambao zilikwenda mara ya kwanza, na nyuma yake miguu mikubwa zaidi ikichopoka majini, chwap, chwap, ikifuata.

"Brenna, sikiliza. Mimi niko ukingoni. Sijaondoka ukingoni."

Brenna aliposema tena hakuwa anapaza sauti. Alinong'ona, na ukungu ukauleta ule mnong'ono mzima mzima hadi sikioni mwa Odette, pamoja na harufu ya ndani ya chungu.

"Basi ni nani kanishika mkono? Ni mdogo, bosi. Ni mkono mdogo."

"Brenna! Njoo kwangu! Brenna! Brenna!"

Aliita kama watu wa pale wanavyoita, jina tu, bila kupumzika, na haikusaidia, kwa sababu aliyekuwa anaongoza njia hakuwa Brenna na hilo halikuwa jina lake, na chwap ya miguu ilikuwa nzito zaidi sasa, ya magotini, na mahali fulani kulia kwake korongo waliruka wote kwa kelele, na Odette akaelewa, akiwa amesimama pale pale, kwenye mawe yale yale, na mdomo ule ule uko wazi, kwamba hakuwahi kuondoka hapa, kwamba miaka yote ile ya ofisi na ramani na sahani moja mezani ilikuwa dakika moja tu iliyorefushwa, dakika ya kungoja mwingine aseme kwanza, na kwamba akinyamaza tena atakuwa ameshinda tena.

"Mdogo wangu," alisema.

Kwo.

Hatua zikasimama. Hazikugeuka. Zilisimama kama mtu anavyosimama akidhani ameitwa, asiyekuwa na hakika, anayengoja kusikia mara ya pili.

Hakujua ni nani atakayekuja. Labda msichana wa miaka saba aliyechoka, akimwongoza mwenzake mpaka nchi kavu. Labda lile koti, na kilicho ndani ya koti. Norbert hakujua, bibi yake hakujua. Lakini mkono wa Brenna ulikuwa ndani ya mkono ule.

"Nilikuwa hapa," alisema Odette, na sauti yake haikutetemeka. "Nilikusikia ukipotea. Sikukuita. Mchezo umekwisha, umeshinda wewe. Nimesema mimi kwanza."

Kinamasi kizima kilinyamaza kusikiliza. Akavuta pumzi hadi mwisho, akaweka viganja mdomoni kama alivyofundishwa na baba yake, na akaita.

"Zelie!"